Jembe Lililoingia Ndani

...kwa mikono miwili, hilo ndilo linalonikaa rohoni, angelichukua kwa mkono mmoja ningesema mama wa watu ameona chuma kimesimama mlangoni pake, amekiondoa asije mtu akajikwaa, basi, yamekwisha, lakini huyu mama alianza kwa kujifuta viganja, akaifunga upya kaniki yake kiunoni, akainama taratibu, akalipokea jembe langu kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga, akaingia nalo ndani bila kuniuliza hata nimeamkaje, mlango ukarudishwa, na mimi hapa nimeachwa juu ya kigoda cha watu, mgongo ukutani, mzega wangu, mti wa kubebea begani, umelala miguuni na majembe yake kumi na moja mapya ya dukani, yanang'aa, hakuna aliyeyatupia hata jicho... tulia, Anyisile, tulia, si wewe uliyemwuzia jembe yule fundi cherehani wa Njombe asiye na shamba hata la kupanda kitunguu, si wewe uliyetoka Njombe na mzega umepinda kwa uzito, ukabisha hodi nyumba kwa nyumba, kilima kwa kilima, mpaka umefika hapa Makambako bega limepata nafuu, Mhindi wa duka la Njombe anayenipa majembe mwenyewe anasema, ninyi Wakinga mna ulimi, lakini ulimi wa huyu umepakwa mafuta, anasema hivyo mbele ya watu na mimi naona raha, kwa nini nisione raha, ni kweli, hakuna mlango katika Ubena hii ulionishinda kuingia, sasa nishindwe kutoka, na hata kuingia sijaingia, nimekaa nje na upepo huu wa Makambako unaokata masikio hata mwezi wa Novemba. Na lingekuwa mojawapo ya haya mapya nisingejali, jembe jipya ni bidhaa, likiingia ndani limeingia kununuliwa, lakini lililoingia ni lile la zamani, la Kikinga, la kufuliwa kwa mkono, jeusi, pana, lenye mkia mrefu wa kupenya mpini, lile ambalo silitundiki mzegani pamoja na mengine, nalishika mkononi, kwa sababu hilo ndilo linaloniuzia hayo mengine. Kila nyumba ni hivyo hivyo, nafika, nashusha mzigo, nasalimu, kamwene mama, kamwene baba, naomba maji hata kama sina kiu, maana aliyekupa maji hakufukuzi upesi, watu wanasogea, nalinyanyua la zamani, nawauliza hili mnalijua, wazee wanasema tunalijua sana, naokota jiwe, nalipiga jipya, linalia mpaka mbwa wa nyumba anasimama, nalipiga la zamani, du, kimya, unasema nimepiga gogo, halafu nawaambia yale maneno, ndugu zangu, hili mtalimia au mtapakulia ugali, na hapo ua wote unavunjika mbavu, na mtu akishacheka mkono wake unakuwa mwepesi, hiyo nimejifunza mwenyewe, hakunifundisha mtu. Na leo ndivyo nilivyofanya hapo kwa jirani, kwa Elieza, nikauza mawili, nikatoka, mzega begani, la zamani mkononi, nikafika hapa, hodi, hapana jibu, nikataka kuushusha mzega, na mzega huwezi kuushusha kwa mkono mmoja, majembe yatakumaliza vidole vya miguu, nikaliegemeza la zamani ukutani, kidogo tu, nipate mikono... mkia chini, uso juu, upande wa kulia wa mlango. Upande wa kulia, Anyisile, na uso juu. Kisha nikajinyoosha mgongo, nikakiona kigoda hiki kilicho mbali kidogo na mlango, nikaja nikakaa, na kwa kuwa nilikuwa nimesema tangu alfajiri hadi koo limekauka, nikanyamaza. Hata mshenga wa kulipwa asingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Maana ndivyo linavyoletwa, hapa Ubena na kwetu Ukinga vilevile, siwezi kujitia mgeni, mshenga anakuja na jembe moja la kufuliwa, hasemi limetoka wapi, analisimamisha kulia kwa mlango uso juu, anakwenda kukaa mbali, ananyamaza, wenye nyumba wakiliacha nje mpaka jua lizame analichukua anakwenda zake, hakuna aliyeaibika, lakini wakiliingiza ndani maneno yameanza, binti wa nyumba ile ameombwa na nyumba imekubali kusikia, na mimi nayajua haya tangu sijaota ndevu, nimeyasahau vipi, nimeyasahau kwa sababu jembe lenyewe nimelibeba misimu mitatu kama kichekesho, kitu ukikichekea kila siku mwisho unasahau ni kitu gani... Haya, tufikiri. Nasimama, nakwenda mlangoni, nasema, mama samahani, nililiweka hapo nipumzishe mkono, mimi ni mchuuzi, naomba jembe langu, maneno machache tu, nimewahi kusema magumu kuliko hayo, nimewahi kumwambia jumbe mzima kwamba mpini wake umeoza na akanishukuru. Na analileta, nalipokea, natoka nalo uani. Natoka nalo uani, na Elieza yule pale, ng'ambo ya ua wa mabua, anajifanya anachonga mpini wa jembe alilonunua kwangu, kisu chake kinakwenda kinasimama, kinakwenda kinasimama, kila kikisimama najua ananitazama, ameliona likiingia, ataliona likitoka, na ni yeye huyo huyo asubuhi hii aliyeniambia habari za nyumba hii bila kuulizwa, pale ni kwa mama Zipora, akasema, mjane, yuko na binti yake Tabea, msichana alikaa Kidugala kwa wamisheni miaka mingi anajifunza kusoma na kushona, akarudi kumuuguza baba yake, baba akafariki, mwaka juzi jembe likaingia pale, likalala ndani mwezi mzima, halafu wale wale waliolileta wakaja kulitoa, mchana, watu wako uani wanapepeta ulezi, wakalitoa uso chini, wamepata binti mwingine huko Njombe, na tangu siku ile, akasema Elieza, hakuna jembe lililokanyaga pale. Alisema hivyo akicheka, huku anayapima majembe yangu kwa shubiri, na mimi nikacheka naye, mteja akicheka unacheka, ndiyo kazi. Sasa leo limeingia la pili, na nikilitoa litakuwa limetoka la pili, mchana vilevile, na kabla jua halijasogea Elieza atakuwa ameshaifikisha habari mpaka njia panda ya Iringa, la pili hilo, watasema, nyumba ile ina nini, na hakuna atakayekumbuka kwamba mchuuzi alichoka mkono, mtu haachi hadithi tamu kwa sababu ya mkono wa mchuuzi. Basi nisilitoe. Niache, nichukue mzega wangu taratibu, niondoke, jembe kuukuu ni la nini, nitamwambia Mhindi anitafutie chuma kingine kibovu cha kuchekesha watu... eh, na yule dada akae ndani na jembe la mtu asiyerudi, akingoja, hilo ni baya kuliko la kwanza, wale wa kwanza angalau walikuja kulichukua. Basi nibadilishe. Ndiyo. Mama, chukua jembe jipya, bure kabisa, nipe la zamani, nani anakataa jipya kwa kuukuu, nitasema ni zawadi ya mjane, mimi nami ni mtu wa Kanisa, nimebatizwa, nitaimba na pambio ikibidi... lakini bado litatoka, Anyisile, hata ukimjazia nyumba majembe mapya hadi darini, lile litatoka na litaonekana likitoka.

Lakini nawe ulikuja kufanya nini nyumba hii, hebu sema ukweli, hakuna anayekusikia. Elieza alinionyesha nyumba mbili, akasema kwa Filbert wana shamba kubwa la bondeni na watoto wa kiume wanne, nenda huko watanunua, na kwa mama Zipora wako wanawake wawili na kijishamba, na mimi mwenye akili za biashara nikaiacha nyumba ya watoto wa kiume wanne nikaja hii. Kwa sababu huyo Tabea alikuwepo. Alikuja pale kwa Elieza kuomba moto, ameshika kigae chenye makaa, amesimama nyuma ya watu, upepo unavuma na yeye ameyakinga makaa kwa kiganja yasizimike, nikafika pale penye ugali, hili mtalimia au mtapakulia, Elieza akapiga mapaja, mke wake akajifuta machozi, na yule dada hakucheka. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, nani alilifua? Na mimi niliyeulizwa maswali ya kila namna na kila moja nina jibu lake, nikasema, ah, dada, wazee fulani wa zamani huko milimani, wale walishakwisha. Akanitazama kidogo. Akaondoka na makaa yake. Wazee fulani. Walishakwisha... na mzee aliyelifua yuko hai, yuko kwetu Ipelele sasa hivi, ukungu haujaondoka pale saa hizi, amejifunika mgolole wake amekaa mlangoni pa kibanda cha kufulia, macho yamefifia kwa moto wa miaka arobaini, mzee Tweve, zamani watu walitoka hapa hapa Ubena, walitoka hata Upangwa, wanapanda ile milima na mbuzi na ulezi kwenda kungoja zamu kwa baba yangu, walilala pale siku tatu nne wakingoja jembe moja, na hawakunung'unika, halafu majembe ya Mzungu yakafika Njombe, ya kununuliwa asubuhi ukalime mchana, wakapungua, wakapungua, mwaka mmoja hakuja mtu, mivukuto ikaliwa na panya. Sijaona kosa langu hapo. Sikuyaleta mimi yale majembe, nisingeyauza mimi angeyauza mwingine, na mwingine angekuwa mjinga zaidi. Nilipomwambia, baba, nakwenda Njombe kuuza majembe ya duka, alinyamaza siku mbili, siku ya tatu nikaona moshi kibandani, amewasha mwenyewe, ameishona mivukuto mwenyewe, akafua siku nne kipande cha mwisho cha chuma chake, akila anarudi, akila anarudi, hakutaka nimsaidie, na asubuhi ya kuondoka akanipa hili. Si mtu wa maneno, baba, maneno yote ya ukoo nilichukua mimi, akasema tu, utapita nyumba nyingi, mwanangu, iko moja ukifika hutataka kusema sana, hapo liweke hili. Nikasema asante baba. Nikashuka. Na nilipofika kilima cha pili nilikuwa nimeshalibunia kazi.

Wanasema ndani. Kijidirisha cha moshi kiko hapa juu ya kichwa changu, nawasikia, wanasema Kibena, na Kibena nakisikia vizuri, msimu wa tatu huu nakiuzia. Mama anasema, amelibeba mwenyewe, hana watu huyu, mtu anabeba jembe lake mwenyewe kama hana baba? Hilo limenichoma, sikutegemea, nataka nijibu hapa hapa kwenye kijidirisha kwamba nina baba, lakini anajibu yule mwingine, sauti ile ile ya asubuhi, haina haraka, anasema, mama, hakulileta, huyo ni mchuuzi, nimemwona kwa Elieza nilipokwenda kuomba moto. Mama anasema, mchuuzi hasimamishi jembe uso juu. Anasimamisha asipojua alichobeba, mama, jembe hili hili alilipiga kwa jiwe mbele ya watu akasema ni la kupakulia ugali, wakacheka, na yeye akacheka. Hili? Hili hili. Nasikia kisu cha Elieza, kinakwenda kinasimama. Kisha anasema tena, mrudishie, mama, litoke sasa hivi watu hawajarudi kutoka shambani. Elieza ameshaona, mwanangu. Elieza ataongea, aongee, si mara ya kwanza. Alivyosema, si mara ya kwanza, kama mtu anayesema mvua inakuja tuanue ulezi... Basi umepona, Anyisile. Umesikia, umefunguliwa, dada mwenyewe amekufungua, hata hukuhangaika na hotuba, litaletwa mlangoni, utalipokea, utasema asante mama, utapita mbele ya Elieza unapiga mluzi, saa sita uko kwa Filbert kwa watoto wa kiume wanne unauza manne kwa mpigo. Mbona hufurahi. Nilitaka nini kingine, nilitaka kutoka na mlango umefunguliwa, hakuna anayenidai neno, na hapa uso wangu unawaka moto kama niliyepigwa kofi, mimi ninayesimama mbele ya watu ishirini bila kupepesa jicho, naona haya mbele ya ukuta wa udongo, kwa sababu ya mtu aliyesema kweli kunihusu na wala hakunisemea vibaya, alisema tu alichokiona, alilipiga, wakacheka, na yeye akacheka.

Na sasa nini tena hicho... nini hicho. Mama amelining'iniza, lazima amelining'iniza kwa mkia wake, kwa vidole viwili au kwa uzi, hivyo ndivyo wajuzi wanavyojaribu chuma, na amelidonoa kwa ukucha, labda kwa pete, na jembe linalia. Linalia. Si kwa kelele, linalia jembamba, refu, linakwenda mpaka nafikiri limekwisha bado linakwenda, linapita kwenye kijidirisha linanishukia utosini, na mimi najua kwa nini msimu wa kwanza mpaka wa tatu halikuwahi kulia, najua, ni siri ya biashara, hata Mhindi sikumwambia, jipya nalishika kwa ncha ya mkia lipate kuimba, la zamani naliwekea kiganja kizima nyuma ya uso wake, hivi, kwa upole, mtu haoni, na chuma ukikishika hivyo hakisemi kitu, hata kengele ya kanisa ukiikumbatia hailii. Nyumba ngapi. Njombe mjini zote, njia yote, kilima kwa kilima, nimeuziba mdomo wa baba yangu kwa mkono wangu huu na kuwauliza watu mbona hasemi. Ndiyo, nimelisema. Na nililijua tangu siku ya kwanza, ningekuwa sijui nisingeweka kiganja. Nikalidhani ni ujanja, na ni ujanja kweli, ujanja mkubwa, nimeuza kwa huo kuliko wachuuzi wote wa barabara hii, na ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningemlaumu, lakini mkono ni huu hapa, umelala juu ya goti, una makovu ya cheche za tanuri lake. Kilio kimekoma. Mama Zipora anasema, si kwangu, anasema na binti yake, chuma hiki kizima, aliyekifua hakuwa na haraka. Nasikia hatua. Mlango hausogei, lakini sauti iko karibu na mlango sasa, na mama ameacha Kibena, anasema Kiswahili, cha kwenda gulioni, kila neno peke yake, na anasema kwa nguvu ili na ng'ambo ya ua wasikie, kisu cha Elieza kimesimama kabisa, anasema, mgeni, jembe hili, unaliuza?

Mama huyu ana akili kuliko mimi. Ona alivyonifungulia njia, kwangu na kwa binti yake kwa pamoja, nikisema naliuza limekuwa bidhaa, lilichukuliwa ndani litazamwe vizuri penye mwanga wa moto, bei haikupatana, linarudi nje, na jembe la mchuuzi likitoka si jembe la posa limetoka, Elieza hana habari ya kupeleka njia panda, hakuna la pili, Tabea anaendelea na kazi zake, mimi naendelea na zangu, hakuna hata tone la aibu lililomwagika, na kinachotakiwa ni neno moja tu ambalo kinywa changu kimelisema maisha yangu yote kabla hata ya kuulizwa. Naliuza, mama. Lisemwe. Limeshafika kwenye meno. Na nasikia, nyuma ya mlango, mtu mwingine anahema, hayuko mbali na mama yake, anangoja nimwondolee mzigo ambao ni mimi niliyeuleta, na ni haki yake, nimwondolee... lakini nikisema naliuza sitakuwa nimesema uongo kwa mama Zipora peke yake. Nikisema naliuza yule mzee pale mlangoni pa kibanda chake ataamka kesho na keshokutwa akidhani jembe lake liko njiani linatafuta nyumba, na nyumba lilishaifikia, nikaliita nje kwa bei. Liliifikia lenyewe. Mkono wangu ulichoka, ndiyo, lakini ulichoka nyumba hii, mbona haukuchoka kwa Elieza, mbona haukuchoka nyumba mia, mimi si mtu wa kuweka chuma upande wa kulia wa mlango bila kujua, mimi ni mtoto wa mfua majembe, hata nikilala nakijua kilipo, kichwa kilisahau, mkono haukusahau, na uliniongoza vizuri kuliko ulimi. Siogopi. Nilidhani naogopa, kumbe ni kule kubanwa kwa kifua kunakonipata kila nikiona nyumba ambayo najua kabla sijabisha kwamba nitauza, basi ni hicho hicho, isipokuwa leo sina ninachouza. Haliuzwi, mama, nasema, na mimi nasema kwa nguvu, ng'ambo ya ua wasikie pia, haliuzwi. Kigoda kinalia chini yangu, mzega uko palepale, mlango haujasogea. Kisha yule mwingine, si mama, sauti ile ile ya asubuhi, anauliza swali lile lile la asubuhi, na hajaongeza hata neno, nani alilifua? Na sasa hakuna watu, hakuna kicheko cha kujificha nyuma yake. Baba yangu, nasema. Tweve, wa Ipelele. Yu hai. Nilisema walishakwisha, dada, nilisema uongo, yu hai, na nitakwenda kumwambia atume mtu mzima aje aseme yanayosemwa, maana hili si la kubebwa na mwenyewe, nina watu. Jembe bado liko ndani, mlango umerudishwa, Elieza amesimama wima sasa na mpini wake mkononi wala hajifichi tena, upepo ni ule ule, na mimi nimekaa pale pale kwenye kigoda nikitafuta neno la kufuatisha, kwa sababu huwa lipo, siku zote huwa lipo lingine, na leo naangalia na naona sina la kuongeza.